Boga la Mama na Reti ya Asubuhi

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka. Kuna watu pale kijijini kwetu Igamba hawalijui jina langu la ubatizo, lakini ukiwauliza "yule dada wa boga" watakupeleka mpaka mlangoni kwa mama, tena watakusindikiza wakicheka njia nzima. Nilikuwa nimeamua kunyamaza nayo hii habari, sema juzi binti mmoja mwenye meza ya vitenge jirani na yangu hapa Tunduma ameniuliza kama aziweke hela za kikoba chao cha kuweka na kukopa kwenye sarafu za mtandaoni, maana ameambiwa zinapanda, nikaona nikizidi kuficha aibu yangu nitamponza mtoto wa watu. Acha niseme.

Inabidi nianze na baba, Mungu amrehemu, maana bila baba mkasa wenyewe hamtauelewa. Kwetu sikukuu ya mavuno huja kahawa ikiwa bado inachumwa, kijiji kizima kinanuka ile harufu ya maganda yaliyochacha (wengine wanaiona mbaya, mimi hata nikiwa katikati ya mafoleni ya malori hapa mpakani nikiikumbuka macho yanalowa). Kila familia inapeleka kanisani kitu ilichovuna, mwenye gunia gunia, mwenye kuku kuku, na ibada ikiisha vinapigwa mnada nje. Na kuna utaratibu wetu, ukinunua kitu na Mungu amekubariki unasema "narudisha", kinauzwa tena upya, kwa hiyo kuku mmoja anaweza kuuzwa mara nne na bado anarudi kutafuna mchele wa watu pale mezani.

Mama yangu kila mwaka alipeleka boga. Alilichagua mwenyewe shambani katikati ya mahindi, analigonga kwa kidole, anasikiliza, analiacha, anagonga jingine. Na kila mwaka baba alilinunua boga hilo hilo ambalo angeweza kulila bure nyumbani kwake. Tukirudi nyumbani anatusimulia ile ile hadithi yake, kwamba akiwa kijana, hajamjua mama hata kwa salamu, alisimama mnadani akalinunua boga la binti wa watu kwa bei ambayo hakuna kijana wa Igamba aliyewahi kuitaja. "Watu wakageuka kuniangalia," anasema huku amekaza koti lake lile la kahawia lenye harufu ya moshi, "wakajua hapa kuna mwanaume." Sisi tunapiga makofi. Mama anatembea mbele yetu na beseni kichwani, hasemi kitu, mabega tu ndiyo yanatikisika, na sisi watoto tulijua anaona haya.

Baba alipofariki, mavuno yaliyofuata mama hakupeleka boga. Alipeleka debe la mahindi, akakaa benchi la nyuma, na mnada ulipoanza akaondoka. Mwaka uliofuata ndio akaniambia kwenye simu, "Mwaka huu nitapeleka boga, uje." Nikasema nitakuja mama, hata kama ni kufunga meza nitakuja.

Sasa mimi kazi yangu hapa Tunduma nauza vitenge na nabadilisha kwacha kwa shilingi, na hii kazi ina sheria moja ambayo mama mmoja wa hapa mpakani aliyenifundisha kazi alinipigia kelele mpaka ikaniingia: reti ya asubuhi ni ya asubuhi. Ukinywa chai reti inaweza kuwa hivi, ukimaliza kula mchana iko kwingine kabisa, na ukimpa mteja bei kwa reti uliyoisikia saa mbili na sasa ni saa saba, utauza na meza. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa. Miaka tisa, jamani! Kumbukeni hilo mnaponicheka.

Mwezi mmoja kabla ya mavuno, mama alipata malipo ya kwanza ya kahawa. Akanipa laki tano, amezifunga kwenye kitambaa chenye maua, akasema, "Nunua mbolea mapema kabla bei haijapanda, mifuko sita, uniletee. Ukichelewa, mwanangu, shamba litanicheka." Hizo ndizo hela za mwaka mzima za mama, hakuna nyingine, yale mahindi ndiyo chakula na ndiyo sabuni na ndiyo dawa ya presha. Nikazipokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo anaingia Jofu. Jofu ni kijana mwenzetu wa kubadilisha fedha, mtu mzuri tu, sitaki mumchukie, na yeye mwenyewe alilia. Aliniona nazihesabu akasema, "Dada Eliza, hizo zinalala tu hapo? Mbolea si mpaka mvua? Huu ni mchongo dada'angu, tazama." Akanionyesha simu yake, sarafu gani sijui, ina kamstari kijani kanapanda kama mtoto anapanda mti wa mpera. Siku ya kwanza nikakataa. Siku ya pili nikamuuliza swali moja. Siku ya tatu nikajiambia (na hiki ndicho kile kiuamuzi kidogo kilichoniponza) kwamba mbolea inawekwa Novemba, hela ikizunguka kidogo mpaka hapo nani atajua, nitampelekea mama mifuko sita yake na juu yake bati za jiko. Yaani nilikuwa nazikopa kwa nia njema kabisa.

Zikapanda. Ah, zilipanda! Mteja kutoka ng'ambo anafika namsalimu kwa Kibemba, "mulishani bamayo", hujambo mama, mdomo uko kwake jicho liko kwenye simu, siku moja nikampa mtu kitenge na hela yake yote nikamrudishia kama chenji. Nikaanza kutembea tofauti. Nilikuwa naangalia meza yangu ya vitenge kwa huruma, kama mtu anayejiandaa kuhama.

Jumapili ya mavuno nikadamka, niliposhuka Vwawa mjini mtandao uko vizuri, nikafungua simu, laki tisa na kitu. Nikaichekea simu mbele za watu. Nikapanda bodaboda mpaka Igamba, nimevaa gauni la kitenge jipya na viatu vya kisigino ambavyo barabara ya kwetu haijawahi kuviomba. Kanisa letu liko bondeni, na bondeni pale mtandao ni wa kubahatisha, kila mtu anajua. Mimi nikakaa na mama, na kila kukiwa na sala nafumba jicho moja na lingine nachungulia kwenye pochi: laki tisa na kitu. Wimbo wa pili, laki tisa na kitu. Mahubiri yakaisha, ile ile, haijashuka hata mia. Nikajisemea kumbe sarafu imetulia, na (Mungu anisamehe) nikashukuru kwa hilo katika sala ya shukrani, kwa moyo wote. Miaka tisa ya kubadilisha fedha, na sikujiuliza namba gani hii isiyotikisika kwa muda wa saa tatu nzima.

Mnada ukaanza. Mzee Nzunda, ndiye mzee wa kanisa anayeuza miaka yote, ameshika kipaza sauti, anauza mayai, anauza kuku, watu wanacheka, mpaka akafika kwenye boga la mama. Akalinyanyua. Na pakawa kimya, kimya kile cha watu wote kukumbuka mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mama akainamisha kichwa akaanza kukunja ncha ya khanga yake, na mimi nikamwona baba na koti lake pale pale alipokuwa anasimama.

"Elfu mbili," sauti ikatoka nyuma. Nikageuka, ni Baba Neema, mwenye mashine ya kusaga, ambaye mke wake alifariki kitambo na hajaoa. Nikasema moyoni, ala! Boga la mama? Huyu?

"Elfu kumi!" nikapaza sauti.

Watu wakageuka. Baba Neema akatabasamu, akasema elfu kumi na tano. Nikasema ishirini. Akasema ishirini na tano. Na tabasamu lake lile likanipandisha hasira, nikaropoka, tena kwa sauti, "Elfu hamsini, na mama yangu hauzwi!" Vigelegele vikapigwa, mama amejifunika uso na khanga, Mzee Nzunda anaruka ruka, "Limekwenda kwa binti wa marehemu! Dada Eliza, unalichukua au unalirudisha?"

Mwenye akili angelichukua. Mimi nikafikiria laki tisa na kitu, nikamfikiria baba, nikanyanyua mkono: "Narudisha!"

Jamani, usiombe kusikia vigelegele vya mavuno vinapigwa kwa ajili yako, vinalevya kuliko pombe. Likauzwa upya, Baba Neema akasema elfu thelathini, na mimi, ili nimkomeshe kabisa asitamke tena boga la mama maisha yake yote, nikasema laki mbili. Laki mbili, boga! Mtu mmoja akapiga mluzi, na safari hii nikasema nalichukua. Kwa hiyo ukijumlisha na lile la kwanza, nilikuwa nadaiwa na kanisa laki mbili na nusu kwa boga moja ambalo mama alilitoa bure.

Nikaenda mezani kwa mhazini kwa mwendo wa kisigino. Ni mwalimu mstaafu, alinifundisha hesabu darasa la nne. Akauliza, "Taslimu au simu?" Nikasema simu, shikamoo mwalimu, ila ngoja nipande pale juu nipate mtandao. Kuna kilima nyuma ya kanisa. Nikavua viatu nikakipanda, na ubaya wa kile kilima ni kwamba aliyeko juu anaonekana na kila mtu aliyeko chini, na Mzee Nzunda kwa kipaza sauti anaendelea kunitangaza, "Dada yetu yuko mlimani anatafuta mtandao, tuzidi kumwombea!" Watu wanacheka kwa upendo tu, mimi nimenyoosha simu mbinguni, nageuka kulia, nageuka kushoto.

Mtandao ukashika. Ile namba ikatikisika, ikapotea kidogo, ikarudi ikiwa laki moja na arobaini.

Nikasema ni macho. Nikafunga, nikafungua, laki moja na thelathini na tano. Nikabonyeza kuuza, ikasema subiri. Nikasubiri, ikasema subiri. Simu ikaita, ni Jofu, anaongea kama ana mafua: "Dada, umeona? Tangu saa tatu asubuhi inaporomoka. Nimekupigia hupatikani." Saa tatu asubuhi mimi nilikuwa naingia kanisani nikiimba. Nikakaa chini, juu ya kilima, mbele ya usharika mzima, na nasikia huku chini kipaza sauti kinasema, "Naona amekaa, labda mtandao unapatikana chini."

Nikashuka. Sikumbuki nilishukaje, nakumbuka viatu nilivishika mkononi. Mama alikuwa ameshafika mezani, na Mzee Nzunda naye kasogea pale kuniandikisha, kipaza sauti amekiweka kwapani na hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Eliza, kuna nini?" mama akauliza polepole.

"Hela hazijatoka, mama."

Mama akanitazama, akamtazama mhazini, nikaona anaumia kwa ajili yangu, anatafuta namna ya kuniokoa nisiadhirike. Akanivuta akaninong'oneza, na kunong'ona kwenyewe kukaenda kwenye spika mpaka ng'ambo ya barabara: "Usione aibu mwanangu. Zile zangu za mbolea bado unazo, si ndiyo? Toa hizo ulipe, utanirudishia taratibu."

Nikasema, na hili nalo likasikika kotekote, "Ndizo hizo, mama."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa chochote wacheke. Baba Neema ndiye aliyekuja mpaka pale, akakichukua kipaza sauti kwapani kwa Mzee Nzunda akakizima, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa napandisha tu, lisije likaenda kwa mia tano. Baba yako alikuwa rafiki yangu." Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke, na haikupasuka.

Wazee wakakaa, wakaamua bila ukali kwamba aliyeahidi mnadani na hana atalipa kwa mikono, na kanisa lina shamba la kahawa ambalo wachumaji hawatoshi. Kwa hiyo Jumatatu, Eliza wa Tunduma, mwenye gauni jipya, alikuwa kwenye mistari ya kahawa na kikapu kiunoni, barabara iko pale pale, kila bodaboda inayopita inapiga honi. Jofu akanitunzia meza. Kile kilichobaki kwenye simu kilipokubali kutoka kikatosha mfuko mmoja wa mbolea na nauli.

Nyumbani mama hakuwa ananisemesha. Ananiwekea chakula, anatoka. Ningefurahi kama angenifokea, kusema kweli ningefurahi hata kama angenichapa. Usiku nasikia anageuka kitandani na najua anahesabu mahindi.

Siku ya nne, mchana, nikamwona anakuja katikati ya mikahawa na beseni kichwani. Akalitua, akafunua. Boga. Amelichemsha lile lile, maana kwa haki lilikuwa langu. Tukakaa chini, akanikatia kipande, akala na yeye, akatazama mikono yangu iliyojaa utomvu na uchafu, mara nikaona mabega yake yanatikisika. Nikajua analia. Nikaanza kulia na mimi, nikasema mama nisamehe.

Kumbe anacheka. Mama yangu alikuwa anacheka mpaka boga linamtoka mdomoni!

"Hapa hapa," akasema akigonga ardhi kwa kiganja. "Mistari hii hii. Baba yako alipalilia wiki tatu."

"Alipalilia nini?"

"Boga langu. We unadhani alikuwa na hela? Alitaja ile bei yake, watu wakageuka, kweli kabisa waligeuka, akaulizwa toa, akaingiza mkono mfukoni akatoa kitana. Alikuwa na kitana tu, Eliza. Wazee wakamleta huku. Mimi nikamwonea huruma nikawa namletea chakula."

Nikakumbuka ile hadithi, miaka yote ile njiani, makofi yetu, koti la baba, na mama mbele na beseni lake, mabega yanatikisika. Miaka yote alikuwa anacheka, na hakuwahi kumwumbua mume wake mbele ya watoto. Tukacheka wote mle shambani mpaka wachumaji wengine wakasogea kuuliza kuna nini, na nilimkumbuka baba kwa namna ambayo tangu tumzike sijamkumbuka.

Kisha mama akajifuta macho, akafunika beseni, uso ukarudi. "La boga nimecheka," akasema. "Baba yako aliahidi jasho lake mwenyewe. Wewe uliahidi la kwangu. La mbolea sijacheka."

Akaondoka, na mimi nikachuma kahawa mpaka jua linazama.

Mvua zikaja. Mfuko mmoja ukatosha robo ya shamba, upande wa chini, na mwezi wa pili ulipofika ungeweza kusimama barabarani ukaona mstari: huku kijani kibichi, kule juu njano tupu, vimahindi vimesinyaa. Shamba liko kando ya barabara, kila aendaye sokoni au kliniki analiona. Watu wakalipa jina, shamba la sarafu. Mama akalipalilia lote, hata ule upande wa njano, mstari kwa mstari, na nilipomwambia aache akasema na yale ni mahindi. Mwaka ule nilimnunulia unga mimi kutoka meza ya vitenge, debe kwa debe, na kila debe alilipokea akasema asante, na kila asante ilinichoma.

Yule binti jirani aliposikia haya akaniambia, "Lakini dada, wapo waliopata." Wapo, sibishi, namjua mmoja kajenga. Nikamwambia kama una hela ambayo hata ikipotea hakuna mtu atakayelala njaa, na moyo wako umeikubali kuipoteza, hiyo ni yako, cheza nayo utakavyo. Ila hela ya kikoba ina wenyewe, na hela ya mbolea ina Novemba yake inaingoja. Mimi niliapa kwamba sitaita hela kitu nilichokiona tu kwenye kioo, na hela ya mama siigusi tena hata kwa nia njema, hasa kwa nia njema.

Mavuno yaliyofuata mama akapeleka boga. Lilitoka upande wa njano, lilikuwa dogo, ngumi mbili hivi. Mzee Nzunda akalinyanyua, akaniangalia kule nyuma ya watu, akauliza kwa kipaza sauti, "Dada Eliza, zipo, au tukusubiri mlimani?" Kanisa zima likaanguka kicheko. Nikasimama, nikafungua kile kitambaa chenye maua, nikatoa elfu tatu nilizokuwa nazo, nikazinyanyua juu zionekane.

Hakuna aliyepandisha, Baba Neema alikaa kimya kabisa. Nikaulizwa nalichukua au narudisha, nikasema nalichukua. Vigelegele vilipigwa na mtu mmoja tu, na sikuhitaji kugeuka kujua ni mama.